Mashua Ndogo ya Fundi Mahema

Mimi ni fundi mahema. Kibanda changu kiko Majengo, Moshi, na kwa miaka 17 nimekuwa nikishona na kuziba mahema ya kampuni zinazopandisha watalii Kilimanjaro: zipu zilizokatika, sakafu zilizochanwa na mawe ya kambi ya Barafu, mapaa yaliyochakazwa na jua. Tangu mwaka 2021, kila Septemba hadi Machi, ninaishi ndani ya mashua ya futi 24 kwenye pwani ya Kigombe, kati ya Tanga na Pangani. Nikipanda nyumbani, vijana wananifuata kibandani kuniuliza nimeuza shamba gani. Sijauza shamba. Nililipa kwa njia nyingine, na nataka nieleze yote, kwa sababu fedha na miaka iliyonipotea mwanzoni ilinipotea kwa kukosa mtu wa kuniambia.

Kwetu ni Kibosho. Mimi ni kitindamimba, na kwa mila zetu kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Baba amelala palepale kwenye migomba, na masale, mimea aliyoipanda babu yake, bado ndiyo mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, na cha jirani. Kwa hiyo niliposema nataka kuishi kwenye maji, jambo halikuwa langu peke yangu.

Hamu yenyewe niliipata Nyumba ya Mungu nikiwa na miaka kumi na moja. Mjomba alikuwa akifuata perege kule bwawani, na likizo moja alinichukua. Gari la kurudi Moshi likaharibika, tukalala kwenye mtumbwi uliofungwa kwenye kigingi. Usiku kucha ule mtumbwi ulikuwa unapumua chini ya mgongo wangu. Asubuhi mjomba akanawa uso, akaniambia, "Mjomba, maji haya ni ya kwenu. Weruweru inaangukia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia hapa, na hapa ndipo Pangani unapoanza mpaka baharini." Nilikuwa nimezoea mfongo, mfereji wetu wa maji, unaopita nyuma ya jiko la mama. Sikuwa nimewahi kujiuliza yale maji yanakwenda wapi.

Mwaka 2016 nikaanza kuweka shilingi 5,000 kila siku ya kazi. Mke wangu, anayeuza vitenge Mbuyuni, alikubali kwa sharti moja tu: hela ya shule ya watoto isiguswe hata kama chombo kinazama. Sharti hilo sijalivunja, na naamini ndilo lililotuweka pamoja.

Kosa la kwanza lilikuwa ukubwa. Kichwani mwangu kulikuwa na chombo cha fiba cha futi 34, chenye vyumba viwili, jiko na choo. Mwaka 2018 nikakipata, kimeegeshwa nchi kavu miaka mingi, na mwenyewe anakiuza kwa bei ambayo niliiona ni zawadi. Nikatoa advansi ya milioni 1 na nusu. Hakukuwa na karatasi yoyote ya maana kati yetu. Mwenye chombo akaondoka na ile fedha, na nilipokuja kupata fundi wa kukikagua akaniambia hata ningepewa bure kisingenifaa: mlingoti peke yake ungekula akiba yangu yote. Nilirudi Moshi na basi, na nilipofika Same ndipo nikaacha kulia.

Sasa hivi mtu akinieleza ndoto yake ya chombo, swali langu la kwanza ni hili: kitu gani ndani yake unaweza kukitengeneza kwa mikono yako mwenyewe? Bei ya kununulia ni mlango tu. Chombo kikubwa mara mbili hakili fedha mara mbili, kinakula zaidi ya hapo, kwa sababu kila kamba inanenepa, nanga inakuwa nzito, tanga linaongezeka upana na urefu kwa pamoja. Mimi najua kushona. Mbao sikuzijua. Injini sikuijua, mpaka leo siijui. Nilipaswa kutafuta chombo ambacho sehemu kubwa ya uhai wake ni kitambaa, na sehemu iliyobaki ni kitu ambacho fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa tezo na kekee. Chombo hicho kinaitwa mashua, kimejaa pwani yote, na mimi nilikuwa nimekipita nikiangalia fiba.

Ukaja mwaka 2020. Watalii wakakatika, kibanda changu kikakaa wiki saba bila hema hata moja. Juni nikapakia cherehani ya mkono kwenye basi nikashuka Tanga, kushona maturubai. Waja leo waondoka leo, ndivyo walivyonipokea, lakini mimi sikuondoka. Turubai moja la kufunikia dagaa lilinifikisha Kigombe, kwa mzee mmoja fundi wa vyombo. Alikuwa amekaa chini ya mti wa mkungu anapasua mbao. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akaitazama cherehani begani kwangu kuliko alivyonitazama mimi, kisha akauliza, "Hiyo inashona tanga?" Kuanzia siku ile akaniita Mangi, kama wanavyoitwa Wachaga wote huku, na mimi nikawa namshonea matanga ya wateja wake, naye ananifundisha mbao. Hatukuandikiana kitu.

Januari 2021 nikanunua mashua kuukuu kwa milioni 2 na laki 4. Matengenezo yakala milioni 4 na laki 1 kabla haijagusa maji. Narudia kwa sababu vijana hawataki kulisikia hili: matengenezo yalikuwa karibu mara mbili ya chombo. Nilikuwa na milioni 4 na nusu kwenye akiba, zilizobaki zilitoka kwenye upatu. Mbao zilikuwa sehemu kubwa, ikifuatiwa na nanga na mnyororo wake, halafu kamba. Majaketi ya kuokolea manne, mawili ya watoto. Ukaguzi na usajili wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kijumba kidogo cha mbao nyuma ya mlingoti, urefu wa kukaa, si wa kusimama. Paneli ya jua ya wati 100 na betri moja.

Kwenye mbao nilijifunza kwa aibu. Nilibeba misumari kutoka Moshi kwa sababu ilikuwa nusu ya bei. Mzee aliishika mmoja, akaukwaruza kwa ukucha, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema msumari ni msumari. Ilipofika mwezi wa tatu kila kichwa cha msumari kilikuwa kinatoa machozi ya kutu yanayoshuka kwenye ubao, na ubao wenyewe umeanza kulegea pale ulipoumwa. Tulitoa misumari 140, mmoja baada ya mwingine, tukapiga mingine iliyopakwa zinki. Siku nne za kazi. Mzee hakunikumbusha maneno yangu.

Halafu kuna ngama. Kule chini kabisa, juu ya mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ndiko maji yote ya chombo yanakokusanyika, yawe ya mvua au ya kuvuja. Mwanzoni nilikuwa napaka rangi kijumba, natengeneza rafu za vikombe, huku kila asubuhi nafua, yaani nachota na kumwaga nje, ndoo sita. Niliona ndoo sita ni kawaida. Mzee akaja siku moja, akapita kijumba changu kipya bila kukitazama, akafunua ubao wa chini na kuingiza mkono mpaka kiwikoni. "Mangi, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nilikuwa nimeisikia methali hiyo shuleni Kibosho na kuijibu kwenye mtihani, bila kujua kwamba tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele, wala ngama ni kitu gani. Tuliipweleza mashua kwenye bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kukupwa kuliko kawaida; maji yalipokupwa ikabaki imelala kwenye mchanga, na tukatia kalafati upya: unaikunja pamba iliyolowa mafuta, unaigongomea kwenye mwanya kwa patasi butu mpaka sauti ya nyundo ibadilike. Sauti hiyo ndiyo kipimo. Pamba ikiwa bado inaingia, nyundo inatoa mlio mnene. Ikishajaa, mlio unakuwa mkavu kama umegonga jiwe. Baada ya hapo tukawasha makuti chini ya tumbo la chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao, tukapaka deheni ya chokaa na mafuta. Ndoo sita zikawa nusu ndoo.

Aprili mwaka huohuo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga Jobo kinaelekea pwani yetu. Mashua ilikuwa majini wiki tano tu. Tuliiingiza kwenye mkono wa bahari ndani ya mikoko, tukashusha foromali, mti unaobeba tanga, na tanga lenyewe, tukaifunga kwa kamba nne kwenye mashina manne tofauti na kuziachia ulegevu wa kupanda na kushuka kwa maji. Nililala kwa mzee. Kimbunga kilidhoofika kabla ya kufika, tukapata mvua na upepo wa kawaida. Lakini nilikuwa nimefunga hema moja kwenye ubavu kama kinga ya mvua, na asubuhi nilikuta limechanika mahali nilipolishona mwenyewe kwa uzi wa pamba. Kushoto na kulia kwa mshono kitambaa kilikuwa kizima. Uzi ndio uliooza.

Hapo nikaanza kuifikiria kazi yangu kwa namna nyingine. Tanga langu la kwanza nililikata kwenye nailoni ya mahema, kwa sababu nilikuwa nayo. Ni nyepesi, ina nguvu, na kwenye hema haina shida. Kwenye tanga inavutika. Baada ya wiki mbili lilikuwa na tumbo kubwa lililosogea nyuma, na mashua haikutaka tena kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka. Ilikuwa inatereza pembeni kama kaa. La pili nilikata polista, nikashona kwa uzi wa polista, mishono miwili ya kukunjamana badala ya mstari mnyoofu, ili mshono uweze kuvutika kidogo pamoja na kitambaa bila kukatika. Pembe zote tatu nilizipa matabaka manne, kama ninavyofanya kwenye pembe za hema linalokwenda kulala Barafu. Tanga hilo liko hai mpaka leo. Wavuvi waliliona. Wakaanza kuleta ya kwao, kiraka kimoja 5,000, mshono mrefu 15,000, na tangu hapo cherehani ya mkono inakaa kwenye sitaha chini ya kitambaa cha kivuli, nayo ndiyo inayolipia maisha yangu ya baharini. Sikulipanga hilo.

Nilichokipunguza zaidi ni ukubwa wa tanga. Tanga la mashua linataka watu: ukigeuza upande, foromali lazima ivushwe upande wa pili wa mlingoti, na upepo ukiwa mkali mtu mmoja haliwezi zoezi hilo. Langu ni dogo kwa theluthi moja kuliko la mashua nyingine za ukubwa ule. Nachelewa, lakini nafika. Nikienda Pangani, namchukua kijana mmoja wa kijijini na kumlipa siku yake. Pemba sijavuka, na sioni haya kusema hivyo. Kuishi kwenye chombo ni jambo moja, kuzunguka dunia ni jingine, na watu wengi wanaiacha ndoto ya kwanza kwa sababu hawana uwezo wa ile ya pili.

Usiku niliokaribia kupoteza kila kitu haukuwa wa safari. Nilikuwa nimetia nanga mita mia mbili kutoka pwani, Septemba, kusi, upepo utokao kusini, bado ina nguvu. Nilipima kina kwa kamba yenye jiwe: mita mbili. Nikatoa amari, kamba ya nanga, mita kumi, mara tano ya kina kama nilivyofundishwa, nikala ugali na changu, nikalala. Nilichosahau ni kwamba nilipima maji yakiwa yamekupwa, tena bamvua. Pwani ya Tanga maji ya bamvua yanapanda zaidi ya mita tatu. Saa tisa usiku kina kilikuwa mita tano na ushee, zile mita kumi zikawa hazitoshi hata mara mbili, kamba ikasimama karibu wima na nanga ikang'oka. Niliamshwa na kitu kidogo sana: mtikisiko uliacha kuwa wa mbele na nyuma, ukawa wa ubavuni. Nilipotoka nje taa za kijiji hazikuwa mahali pake. Kisha ubavu ukagusa mwamba, na sauti ile ya mbao kwenye jiwe sitaki kuieleza. Mbao mbili zilivunjika. Maji yalipokupwa tena nilipwelewa palepale, nimeinama upande, nimeshika cherehani mapajani ili isilowe chumvi. Matengenezo yalikuwa 380,000. Mzee alikuja na mwanga wa alfajiri akatembea kwa miguu mpaka nilipo, akasema, "Pima yakijaa, mwanangu." Hakuniita Mangi siku hiyo.

Jambo jingine la hatari nililolitoa nyumbani bila kujua ni mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani, mlango ukiwa wazi itapata njia. Kwenye chombo haina mlango wa kutokea, inashuka ngamani na kukaa pale ikisubiri cheche. Mtungi niliurudisha Moshi. Napikia jiko la mkaa lililowekwa ndani ya karai la mchanga, nje huku shetri, nyuma ya chombo, chombo kikiwa kwenye nanga tu, na haliingii kijumbani hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa ya mkaa kwenye chumba kidogo inaua mtu usingizini. Siku za mvua nakula mihogo ya jana.

Kwa mwezi natumia kama 210,000. Chakula ndicho kikubwa, ingawa samaki mara nyingi nalipwa kwa kiraka. Maji ya kunywa na kupikia ni madumu matatu ya lita 20 kwa wiki, na naoga ya chumvi kwanza, ya kisima mwishoni, kata mbili. Betri siiachi ishuke chini ya nusu; ya kwanza niliimaliza kila usiku kwa simu na taa, ikafa kabla ya mwaka. Katika hizo 210,000, elfu 70 ni za chombo, hata mwezi ambao hakijavunjika kitu. Mwezi kama huo ndio wa kuogopa zaidi, maana mkono unawashwa kuzitumia. Aprili kusi inapoanza, tunaipandisha mashua pwani, nami napanda Moshi kwa kazi za kuandaa mahema ya msimu wa Juni.

Disemba 2021 sikwenda Kibosho. Mke wangu na watoto walishuka likizo, tukalala wanne kwenye kijumba cha watu wawili, watoto wakajifunza kuogelea na kufua maji ngamani, na Krismasi tukala pweza. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuiandika. Mchaga anajua maana ya Disemba. Kaka zangu walitoka Dar na Mwanza, wote wakafika, isipokuwa anayepaswa kuwapokea. Mama alinipigia simu tarehe 26. "Mwanangu, mtu huzikwa kihambani kwao. Wewe baharini tutakuzika wapi?" Sikuwa na jibu. Miezi miwili hakupokea simu yangu.

Mwaka uliofuata nilikwenda. Nilimwachia mzee mashua tarehe 20, nikachinja mbuzi, nikazibua mfongo na kaka zangu, nikapiga chokaa nyumba ya baba. Hakuna aliyeitaja bahari. Tarehe 2 Januari alfajiri nikatoka na begi langu kushika gari la kuteremka mjini, nikamkuta mama amesimama njiani, amefunga mtandio wa kanisani, na kikapu mkononi. "Nataka nikaone," akasema. Alikuwa na miaka 74 na hakuwa amewahi kuvuka Korogwe.

Kijana wa Kigombe alimbeba mgongoni mpaka kwenye mashua kwa sababu maji yalikuwa yanafika magotini. Alikaa shetri. Alitazama cherehani, akaigeuza mpini mara moja kuona kama inazunguka. Akakagua mishono ya tanga kwa kidole, maana yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Akaniuliza ninakolala, akaingiza kichwa kijumbani, akatoka. Nikamweleza alichonieleza mjomba, kaka yake: Weruweru, Kikuletwa, Nyumba ya Mungu, Pangani. Nikamwonyesha kwa mkono upande wa kusini mto unakotokea. Akachota maji kwa kiganja akayaonja, akayatema taratibu.

"Yamekwenda mbali," akasema.

Kisha akafunua kikapu. Chini ya ndizi kulikuwa na majani ya isale, yamefungwa kwa uzi wa mgomba, mabichi bado. Kwetu mtu akikuletea isale, ugomvi umekwisha, hauulizwi tena. Nilinyoosha mikono kulipokea. Hakunipa. Alisimama, akashika bega langu ili asiyumbe, akaanza kulifunga kwenye mlingoti, juu kidogo ya henza, kamba ya kupandishia tanga, inapopita.

Mzee alikuwa kwenye mtumbwi wake ubavuni, anatazama. Akauliza kwa heshima, "Dada, hiyo ni dawa ya nini?"

"Si dawa, kaka," mama akamjibu, huku akikaza fundo. "Kwetu tunapanda hili mpakani mwa kihamba."